Dawa Ndani ya Uji

Hoja: Kijana mwenye skizofrenia akikataa dawa, je, mzazi ana haki ya kumtilia kwenye chakula bila yeye kujua?

MAMA: Mimi nimeshatia. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Mwanangu ana miaka 23. Miezi minne mizima hakulala usiku. Alikuwa akizunguka uani akibishana na watu nisiowaona. Matundu ya soketi zote aliyaziba kwa ugali, maana wanamsikiliza kupitia humo. Usiku mmoja aliruka ukuta wa jirani akaulize kwa nini wanamtaja jina. Watu wakapiga kelele za mwizi, na ninyi mnajua kelele hizo huishia wapi. Alirudi na kichwa kimepasuka, na alirudi tu kwa kuwa mwenye duka alimtambua. Asubuhi yake nikachukua kinu ninachotwangia kitunguu saumu, nikasaga vidonge, nikatia kwenye uji wa mtama, ndimu nyingi na sukari nyingi. Wiki ya tatu akaniuliza, "Mama, mbona mwaka huu hatujapaka nyumba chokaa?" Niliingia chumbani nikalia. Miezi minne alikuwa haioni nyumba.

ALIYEUGUA: Shikamoo, mama. Mimi ni mtoto wa mama mwingine aliyefanya kama ulivyofanya wewe. Niliugua nikiwa na miaka 20, mwaka wa pili chuo cha ualimu. Sauti zangu zilikuwa mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, zikinisema kana kwamba sipo: anavaa viatu, anajifanya hajui. Na kila siku zilinisisitizia jambo moja, kwamba nyumbani kwetu yupo mtu ananitilia kitu kwenye chakula. Sasa mama, nisaidie. Mama yangu alikuwa ananitilia kitu kwenye chakula. Siku niliyouona ungaunga mweupe umeganda chini ya bakuli, sauti zilicheka. Zikasema, tulikwambia. Tangu siku ile, katika nyumba yetu nzima, wasema kweli walikuwa wao peke yao.

MAMA: Na leo umekaa hapa, unasema na watu, shati limepigwa pasi. Ni kwa uji wa nani?

ALIYEUGUA: Siukani uji ule. Ulinipa akili ya kuuona huo unga. Lakini baada yake nilikaa karibu miaka miwili nikila mkate wa dukani uliofungwa na maji ya chupa niliyoifungua mwenyewe. Nilifika kilo 41. Mama akinipakulia wali, nilikuwa nasubiri kwanza aonje. Anaonja, mimi bado sili.

DAKTARI: Niingie hapo kwenye kukataa, maana ndipo tunapochanganya mambo. Mtu mwenye kisukari akikataa dawa, tunasema ni mbishi. Mwenye skizofrenia hakatai kwa ubishi. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, na mojawapo ya kazi zake ni kumwonyesha mtu lipi la kutiliwa maanani na lipi la kupuuza. Ikivurugika, hakuna tena la kupuuza. Honi ya bodaboda ina ujumbe. Mtangazaji wa redio anakohoa kwa ajili yako. Mtu anayeishi humo hawezi kutoka nje akajitazama, kwa sababu kile cha kujitazamia ndicho kinachoumwa. Kwa hiyo nauliza: tunapomngoja akubali, tunamheshimu yeye, au tunauheshimu ugonjwa wake?

SHEHE: Dokta, swali lako ni zito, lakini mimi nina langu. Watu huja kwangu kunywa kombe. Naandika aya kwa zafarani kwenye sahani, naiosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Anaona ninapoandika. Anaona ninapoosha. Anapiga bismillahi mwenyewe. Katika miaka yangu yote sijawahi kumnywesha mtu kombe bila yeye kujua, hata yule aliyeletwa amefungwa kamba. Kama mimi, ambaye ninyi wa hospitali mnaniona wa kale, naona haya kufanya hivyo, kwa nini nyinyi msione?

DAKTARI: Kwa sababu kombe lisiponywewa, shehe, hakuna anayeruka ukuta wa jirani usiku.

SHEHE: Hilo umelisema kwa wepesi.

DAKTARI: Basi nilitilie uzito. Mwaka 2012 yalikusanywa majaribio 65 ya dawa hizi, matokeo yakachambuliwa pamoja. Kati ya watu 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Kati ya 100 waliobadilishiwa wakapewa dawa bandia, walirudiwa 64. Hata kwenye dawa kuna wanaorudiwa, na hata bila dawa kuna wanaosalimika. Sifichi hilo. Lakini mama huyu hana watoto 100 wa kujaribia. Ana mmoja.

MWANDISHI: Neno skizofrenia limeshatajwa mara mbili na najua baadhi ya wasomaji wanafikiria mtu mwenye nafsi mbili. Kosa hilo limo katika jina lenyewe. Mswisi Eugen Bleuler alilitoa mwaka 1908 huko Berlin, akiunganisha maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili. Alimaanisha fikra, hisia na matendo kuachana njia ndani ya mtu mmoja. Wajapani waliona jina la aina hiyo linamwumiza mgonjwa kuliko linavyomweleza, wakalibadili katika lugha yao mwaka 2002. Sisi tumebaki na kichaa, chizi, mwehu. Kwa Watanzania hata jina la hospitali ya Mirembe kule Dodoma limegeuzwa tusi, kama Wakenya walivyoligeuza la Mathari. Mtu anayekataa kumeza kidonge mbele ya watu huenda anakikataa kidonge, na huenda analikataa jina hilo.

ALIYEUGUA: Analikataa jina. Rafiki zangu wa chuo walinitembelea mara moja. Mmoja alikaa karibu na mlango muda wote.

MAMA: Afadhali wako walifika. Mimi majirani wameshamaliza kesi. Wengine wanasema nimemdekeza. Wengine wanasema ni bangi. Shangazi yake anasema kuna ahadi ya mzimu ambayo baba yake hakuitimiza. Kila mmoja anakuja na lake, hakuna anayekuja na kilo ya sukari. Nami usiku najiuliza: nilimfanya nini mtoto huyu?

DAKTARI: Hukumfanya kitu, mama. Na hapa sisi madaktari tuna deni la kuomba radhi. Mwaka 1948 daktari mmoja huko Marekani, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia kwa jinsi anavyomlea mtoto. Wenzetu walilishika hilo kwa miaka mingi, akina mama wakaenda kaburini wakijilaumu. Leo tunajua zaidi. Ugonjwa huu unampata mtu mmoja kati ya 300 hivi duniani, karibu watu milioni 24, na mara nyingi huanza katika umri wa mwanao. Urithi umo, lakini si hukumu: pacha wa kufanana wakizaliwa, mmoja akaugua, mwenzake huugua katika karibu nusu tu ya familia hizo. Bangi huongeza hatari, hasa ikianzwa utotoni, ila wako wengi waliougua bila kuijua hata harufu yake.

MAMA: Mbona hakuna aliyeniambia haya mara ya kwanza? Tulianza na malaria imepanda kichwani. Drip tatu.

MUUGUZI: Na hawakukosea kuanza hapo, mama. Mtu akichanganyikiwa ghafla tunatazama malaria, kaswende, VVU, kifafa, na kama ni mwanamke, kama amejifungua karibuni. Kosa ni kuishia hapo drip ya tatu ikimalizika. Lakini niseme langu, maana naona mnabishana juu ya uji kana kwamba dawa ipo siku zote. Mimi ndiye mwenye funguo za kabati. Upo mwezi haloperidoli iliniishia kabisa. Waliokuwa wakimeza wakijua, walikuja: dada, vidonge vimekwisha, tufanyeje? Tukahangaika, tukapata kwenye kituo kingine. Yule anayetiliwa kwenye uji hakuja, maana hajui kama alikuwa anatumia dawa. Mama yake alikuja baada ya siku 16, mwana ameshatoka nyumbani.

MAMA: Unanisema mimi?

MUUGUZI: Sikusemi wewe. Ninao watatu.

ALIYEUGUA: Na madhara je? Siku ya nne ya uji shingo yangu ilijipinda upande wa kulia, ikakataa kurudi. Taya likakaza, ulimi ukawa mnene, macho yakapanda juu. Nilijua nimelishwa sumu, ninakufa. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga yake mdomoni. Yeye alijua ni nini, na hakuweza kusema, kwa sababu angesema hilo angekuwa amesema yote.

DAKTARI: Ule ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa. Unatisha sana, na sindano moja huuondoa kwa dakika chache. Vidonge vya Artane huuzuia.

ALIYEUGUA: Dakika chache, dokta. Mimi nilikaa hivyo mpaka jioni.

MAMA: (kimya kidogo) Wangu mikono ilianza kutetemeka. Hakuweza kushika kikombe. Nikamwambia ni uchovu, kwa kuwa alinisaidia kubeba ndoo. Alinitazama tu. Nilimdanganya mara ya pili ili niufiche uongo wa kwanza.

SHEHE: Huo wa pili ndio uliokuchosha, mama. Unausikia hata katika sauti yako.

MAMA: Shehe, wewe umekuja na maneno mazuri. Niambie basi, ulipoletewa wale waliofungwa kamba, uliwafungua?

SHEHE: Si wote. Nimeomba toba kwa hilo, na naomba bado. Nimemwona kijana amefungwa mnyororo kwenye mwembe, ngozi ya kifundo cha mguu imemea juu ya chuma. Watu wa nyumba ile walikuwa wanampenda, wanampelekea chakula kabla ya wao kula. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti ya minyororo hiyo katika nchi 60 hivi, na mimi niliposikia habari yake sikuhitaji kusoma. Siku hizi akija mtu kwangu nasoma, kisha naandika barua ya kumpeleka hospitali, na naisaini. Lakini nisikilizeni: aliponijia, alikuja akiwa mtu aliyeingiliwa na jambo. Ana jini, jini litatoka, yeye atabaki. Ninyi mnampa jina ambalo halitoki.

DAKTARI: Hapo una hoja kuliko wenzangu wengi wanavyopenda kukiri. Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia za wagonjwa kule Zanzibar, akaona kwamba habari ya pepo ilizisaidia kupunguza lawama, mgonjwa akabaki mmoja wa nyumba badala ya kuwa mzigo wa nyumba. Na tunajua tangu tafiti za London za miaka ya 1950 na 1960 kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya karipio na masimango hurudiwa upesi. Huko Ghana na Nigeria walijaribu waganga na wahudumu wa afya kuwatibu wagonjwa hawa pamoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: waliotibiwa kwa ushirikiano walipata nafuu kubwa zaidi, na vitendo vya kuwaumiza vikapungua. Ila tofauti yetu iko hapa, shehe. Barua yako huandikwa siku ya ngapi? Kila mwezi ugonjwa unapokaa bila dawa, kurudi kunazidi kuwa kugumu.

SHEHE: Zamani, mwezi wa tatu. Sasa, siku ya kwanza.

MAMA: Nirudisheni kwenye uji. Mimi sina shehe wa siku ya kwanza wala daktari wa kuja nyumbani. Nina mtoto wa kiume wa futi sita na mimi nina goti bovu. Mnaonikataza, mnanipa nini mkononi?

DAKTARI: Nakupa sheria, angalau. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ya Tanzania inaruhusu mtu aliye hatarini alazwe bila ridhaa yake. Inakuwepo karatasi, inakuwepo saini, yupo mtu wa kuulizwa kwa nini. Uji hauna karatasi. Mimi si mpinzani wa kulazimisha. Ziko siku maneno hayafiki, na siku hizo namlaza mtu akinitukana. Ninachokataa ni kulazimisha kusikoonekana.

ALIYEUGUA: Hili litawashangaza, lakini nami niko hapo. Mwishowe binamu zangu wanne walinibeba wakaniingiza kwenye Noah mchana kweupe, mtaa mzima unatazama. Niliwachukia. Mmoja niliacha kusema naye mwaka mzima. Lakini nilijua nani amenifanyia nini. Nikawasamehe mmoja mmoja, kwa majina. Uji sikujua nimsamehe nani, kwa sababu kwa muda mrefu sikujua kama ulitokea kweli au ni ugonjwa wangu unaosema.

MAMA: Kwa hiyo nimfunge kamba mwanangu mbele ya mtaa ili aweze kunisamehe vizuri?

ALIYEUGUA: Mama, sikusema hivyo.

MAMA: Umesema hivyo, mwanangu. Umelisema kwa adabu, lakini umelisema. Mtaa ukishamwona kwenye hiyo Noah, nani atampa kazi? Nani atamwoza binti yake? Uji haukumwaibisha. Mpaka leo watu wanajua alikuwa mgonjwa wa kichwa akapona. Hayo nimeyanunua kwa uongo wangu, na bei yake naijua.

MUUGUZI: Naomba niseme kuhusu mtu mmoja. Anakuja kwangu kila mwezi kuchomwa Modecate, sindano inayokaa mwilini wiki nne. Sindano huwezi kuificha. Lazima akae, ashushe nguo, niguse tako, nichome. Mtu huyu mpaka leo hakubali kwamba anaumwa. Anasema anakuja ili mimi nisipate shida na mganga mkuu. Miaka mitano anakuja. Anavua samaki, ana mke. Mwezi wa Ramadhani alianza kusitasita, nikamwambia sindano haiingii tumboni, amuulize na imamu wake. Akauliza, akarudi. Sijawahi kumwambia kwamba sauti zake ni uongo. Hajawahi kuniambia kwamba mimi ni mjinga. Tunaelewana.

DAKTARI: Amekubali dawa bila kukubali jina.

ALIYEUGUA: Ndivyo nilivyoanza mimi. Wodini madaktari walinieleza ugonjwa wangu, kila mmoja kwa ufasaha, nami niliwajibu kila mmoja kwa ufasaha. Kisha muuguzi wa zamu ya usiku akaniuliza, umelala saa ngapi? Nikasema, sikumbuki nililala lini. Akasema, hiki kitakulaza, kina hiki na hiki, kinywa kitakauka, ukisikia miguu haitulii niite. Nikameza. Hakuna aliyeniuliza mpaka hapo ninataka nini. Nilitaka kulala.

SHEHE: Na sauti?

ALIYEUGUA: Ya kiume iliondoka. Ya kike bado huja, hasa nikichoka. Siku hizi inasema mambo madogo, funga dirisha, mvua. Wakati mwingine kweli mvua inakuja.

DAKTARI: Si wewe peke yako. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 wanaosikia sauti, 20 huko California, 20 Accra, 20 Chennai. Wamarekani wengi walisimulia sauti za vita na vitisho. Accra na Chennai wengi zaidi walisikia ndugu, au Mungu, wengine wakizungumza nazo kama mtu anavyozungumza na mkubwa wake. Ugonjwa una mwili, lakini unajifunza lugha ya nyumbani.

MAMA: Dada muuguzi, huyo wako alikuwa na la kushikia. Alikuhurumia wewe. Huyu kijana alitaka usingizi. Wangu wakati ule hakutaka kitu. Nilimwuliza, unataka nini mwanangu? Akasema, nataka mzime. Hakusema mzime nini. Ningengoja nini hapo?

MUUGUZI: Hapo usingengoja.

DAKTARI: Hapo hata mimi nisingengoja. Ningekwambia umlete, na kama huwezi kumleta… Nikisema ukweli, mama, wapo walioniuliza kama ulivyoniuliza, nami nikaandika dawa ya matone isiyo na ladha, nikaangalia pembeni. Sikuandika kwenye faili ni ya nini. Kwa hiyo hata mimi nina uji wangu.

SHEHE: Mbona hukuanza na hilo?

DAKTARI: Kwa sababu nilikuwa natetea msimamo.

MAMA: Basi tuyaache ya wakati ule. Sasa analala. Anakula. Jana alinikuna mgongo kama zamani. Na bado kila asubuhi nasaga, na kinu kile sikitumii tena kwa kitunguu, nimenunua kingine. Mnataka nimwambie. Nimwambie kwa maneno gani?

ALIYEUGUA: Mwambie kabla hajanywa, si baada. Mpe vidonge vikiwa vizima, mkononi, avione. Mwambie tangu siku gani. Usimwambie kwa nini mpaka aulize.

MAMA: Na akimwaga?

ALIYEUGUA: Huenda akamwaga. Mimi ningemwaga.

MAMA: Na akiondoka?

MUUGUZI: Nyumba yangu ni ya tatu kutoka zahanati, mama. Nalala na simu.

MAMA: Nimemuuliza huyu. Wewe ulipouona unga, uliondoka?

ALIYEUGUA: Niliondoka.

MAMA: Mama yako alikaa muda gani bila kujua uko wapi?

ALIYEUGUA: Siku tisa.

MAMA: Siku tisa.